Viigizi vya Mifumo Endeshi ya Zamani: Namna ya Kuviunganisha na Mtandao kwa Urahisi na Usalama

Kumbukumbu nyingi zilizoandikwa kwa kompyuta katika miaka ya 1980 na 1990 bado zipo, lakini programu zilizoziandika hazifanyi kazi tena katika kompyuta za leo. Orodha iliyohifadhiwa kwa dBASE, hesabu zilizopangwa kwa Lotus 1-2-3 au barua iliyochapwa kwa WordPerfect ya DOS inaweza kuwa salama kabisa ndani ya diski, na bado isisomeke. Windows 11, kwa mfano, hutolewa kwa kompyuta za biti 64 pekee, na Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16, ambazo ndizo zilizokuwa nyingi katika enzi ya DOS na Windows 3.1.

Njia mojawapo ya kuzifikia kumbukumbu hizo ni kutumia kiigizi, yaani programu inayoigiza kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya. Watumiaji wengi hufaulu kuwasha mfumo wa zamani kwa njia hiyo, kisha hukwama katika hatua inayofuata: kuuunganisha mfumo huo na mtandao ili mafaili yatoke, programu ya zamani iifikie seva yake, au kazi ichapishwe. Hatua hiyo ilikuwa ngumu kwa miaka mingi, na katika kuirahisisha wapo waliofungua milango ambayo ilipaswa kubaki imefungwa. Makala haya yanaeleza ugumu huo unatoka wapi, umepunguzwa kwa njia gani, na mambo ya kuzingatia kabla ya kuuwashia mtandao mfumo usio na kinga.

Kiigizi ni nini

Kiigizi huigiza kichakato, kumbukumbu, diski, kioo na vifaa vingine vya kompyuta ya zamani. Mfumo endeshi unaowekwa ndani yake huamini kuwa umo katika mashine halisi. Katika lugha ya fani hii, kompyuta inayobeba kiigizi huitwa mwenyeji, na mfumo wa zamani uliomo ndani huitwa mgeni.

Viigizi viko vya aina nyingi. DOSBox ilibuniwa kwa ajili ya programu za DOS, hasa michezo, na imezaa matoleo mengine kama DOSBox-X na DOSBox Staging. QEMU, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003, huigiza kompyuta za aina nyingi. 86Box huigiza kwa undani kompyuta binafsi za zamani, ikiwemo aina ya ubao mama na kadi zilizochomekwa. Kwa upande wa kompyuta za Macintosh, Basilisk II huendesha mifumo ya zamani hadi Mac OS 8.1, na SheepShaver huendesha matoleo yaliyofuata hadi Mac OS 9.0.4.

Kiigizi chenyewe kwa kawaida hupatikana bure, lakini mfumo endeshi unaowekwa ndani yake unaweza kuwa na haki miliki hata kama hauuzwi tena. Taasisi au mtu binafsi anapaswa kuwa na leseni halali. Kwa programu za DOS, ipo FreeDOS, mradi ulioanzishwa na Jim Hall mwaka 1994, ambayo hutolewa bure kwa leseni huria.

Kwa nini jambo hili linamhusu mwananchi

Kumbukumbu za zamani si mali ya wapenda historia ya kompyuta peke yao. Ndani yake yamo majina ya watumishi, tarehe za kuajiriwa, michango, mipaka ya viwanja na matokeo ya vipimo. Mtu anayefuatilia haki yake leo anaweza kuhitaji ukurasa uliochapwa miaka 30 iliyopita.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya Mwaka 2002 inasimamia utunzaji wa kumbukumbu za umma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya Mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka wajibu wa kulinda taarifa za watu. Wajibu wa kwanza unataka kumbukumbu itunzwe na iendelee kupatikana. Wajibu wa pili unataka taarifa zilizomo zisivuje. Anayefungua mafaili ya zamani yenye taarifa za watu anabeba wajibu wote wawili kwa wakati mmoja, na namna anavyounganisha kiigizi na mtandao ndiyo inayoamua kama ataweza kuutimiza wa pili.

Ugumu unatokea katika ngazi tatu

Ngazi ya kwanza ni kadi ya mtandao. Kiigizi lazima kiigize kadi ambayo mfumo wa zamani unaitambua. QEMU, kwa mfano, isipoelekezwa vinginevyo huipa kompyuta binafsi ya kawaida kadi ya Intel ya aina ya e1000, ambayo Windows 95 haina draiva yake. Kadi inayokubalika na mifumo mingi ya zamani ni NE2000, iliyosambazwa na Novell mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuigwa na watengenezaji wengi, pamoja na RTL8029 ya Realtek iliyofuata muundo huo katika nafasi za PCI.

Hata hivyo, kadi za zamani hazikujitambulisha zenyewe. Mtumiaji alipaswa kuiambia draiva kadi iko katika anwani gani na inatumia namba gani ya kukatizia kichakato, yaani IRQ. DOSBox-X huiweka NE2000 katika anwani 300 kwa IRQ 3. QEMU huiweka NE2000 ya ISA katika anwani hiyo hiyo lakini kwa IRQ 9. Mtu anayenakili maelekezo ya kiigizi kimoja na kuyatumia katika kingine hukuta kadi imeonekana, lakini hakuna pakiti inayopita. Aidha, IRQ 3 ndiyo iliyotumiwa kwa desturi na poti ya COM2, hivyo vifaa viwili vinaweza kugombania namba moja.

Ngazi ya pili ni itifaki. Mifumo mingi ya zamani ilitengenezwa kabla ya intaneti kuwa jambo la kawaida. MS-DOS haikuwa na TCP/IP. Ilihitaji kwanza draiva ya pakiti, kama zile za mkusanyiko wa Crynwr, kisha programu za mtandao juu yake. Kwa kazi hiyo leo hutumika zaidi mTCP ya Michael Brutman, yenye programu za DHCP, FTP, Telnet na nyinginezo. Windows 3.1 nayo haikuja na TCP/IP, na wengi waliunganishwa na intaneti kwa Trumpet Winsock ya Peter Tattam wa Tasmania, Australia. Microsoft ilitoa nyongeza ya TCP/IP-32 kwa Windows for Workgroups 3.11 mwaka 1994. Windows 95 ilikuja na TCP/IP, lakini mtumiaji alipaswa kuiongeza mwenyewe katika mipangilio ya mtandao. Kwenye Macintosh, kazi hiyo ilifanywa na MacTCP, na baadaye Open Transport.

Ngazi ya tatu ni njia ya kutoka nje ya kiigizi. Kwa muda mrefu njia iliyopendekezwa ilikuwa ya daraja: mgeni huunganishwa moja kwa moja na mtandao wa ofisi na kupewa anwani yake, kana kwamba ni kompyuta nyingine iliyochomekwa kwenye kebo. Njia hiyo huhitaji mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, kwa kuwa inagusa vifaa vya mwenyeji. Mara nyingi hukataa kufanya kazi kwenye Wi-Fi, kwa sababu kifaa cha kurushia mawimbi hupokea pakiti za kompyuta iliyojiandikisha kwake na kuzikataa zenye anwani ya kadi nyingine. Zaidi ya yote, njia hiyo humweka mgeni asiye na kinga mbele ya kila kompyuta iliyomo katika mtandao huo.

Suluhisho lililotoka miaka ya 1990

Njia iliyorahisisha kazi hii ina asili ya kuvutia. Katikati ya miaka ya 1990, watumiaji wengi wa vyuo waliruhusiwa kuingia katika kompyuta kubwa kwa simu na kuandika amri za maandishi tu, bila kupewa muunganisho kamili wa intaneti. Danny Gasparovski alitunga programu iliyoitwa Slirp, ambayo mtumiaji wa kawaida aliweza kuiendesha katika akaunti yake, bila mamlaka ya msimamizi, ikaigeuza laini yake ya simu kuwa muunganisho kamili.

Siri yake ni kwamba Slirp haikuhitaji kugusa vifaa vya mtandao. Ilipokea pakiti za mtumiaji, ikazisoma, kisha ikafungua muunganisho mpya kwa jina lake yenyewe, kama programu nyingine yoyote. Majibu yaliporudi, ilifahamu ni ya nani na kumfikishia.

Utendaji huo unaweza kulinganishwa na masjala ya ofisi. Barua ya mtumishi hupita masjala, huandikishwa, na kutoka kwa anwani ya ofisi. Jibu linapofika, masjala hutazama kumbukumbu ya jalada na kulipeleka kwenye meza inayohusika. Mtu wa nje haijui meza hiyo, na barua isiyojibu chochote haina mahali pa kupelekwa.

Watengenezaji wa viigizi waliona kuwa hitaji lao ni lile lile. Msimbo wa Slirp ukaingizwa katika QEMU, na baadaye ukatengwa kuwa maktaba inayojitegemea iitwayo libslirp. Leo njia hiyo inapatikana katika QEMU, 86Box, Basilisk II, SheepShaver, DOSBox-X na DOSBox Staging. Katika Basilisk II na SheepShaver, kwa mfano, kazi yote ya upande wa mwenyeji ni mstari mmoja katika faili la mipangilio: ether slirp.

Anwani zinazotumika

Faida nyingine ya njia hii ni kwamba anwani zake zinajulikana mapema. Katika QEMU, na katika viigizi vingi vilivyofuata mpangilio wake, mtandao wa ndani ni 10.0.2.0 wenye kinyago cha 255.255.255.0. Mwenyeji, ambaye pia ndiye lango la kutokea, yuko katika 10.0.2.2. Huduma ya kutafsiri majina, yaani DNS, iko katika 10.0.2.3. Mgeni wa kwanza kuomba anwani kwa DHCP hupewa 10.0.2.15.

Hivyo mfumo unaofahamu DHCP, kama Windows 95 na matoleo yaliyofuata, hujipanga wenyewe baada ya TCP/IP kuongezwa. Mfumo usiofahamu DHCP hujazwa namba hizo nne kwa mkono, na namba hizo hazibadiliki hata kompyuta mwenyeji ikihamishwa kutoka ofisi moja kwenda nyingine, au kutoka kebo kwenda Wi-Fi.

Mipaka ya njia hii

Mtumiaji anapaswa kufahamu mambo manne ili asidhani kiigizi kimeharibika.

Kwanza, amri ya ping haiaminiki. Katika mipangilio ya kawaida ya QEMU, mgeni anaweza kupata jibu la ping kutoka 10.0.2.2, lakini ping ya kwenda intaneti inaweza isijibiwe ingawa mtandao unafanya kazi.

Pili, kompyuta ya nje haiwezi kuanzisha mawasiliano na mgeni. Ikihitajika, poti maalumu ya mwenyeji huelekezwa kwa mgeni. Hapa kuna jambo dogo lenye uzito: katika QEMU, poti ikielekezwa bila kutaja anwani ya mwenyeji, hufunguliwa kwa mtandao mzima. Ikitajwa pamoja na anwani 127.0.0.1, hufikiwa na kompyuta mwenyeji peke yake.

Tatu, mgeni hazuiwi kutoka. Anaweza kuifikia intaneti, na pia kompyuta nyingine za ofisi ambazo mwenyeji anaweza kuzifikia. QEMU ina chaguo la restrict=on, linalomfungia mgeni asiwasiliane na mwenyeji wala na nje, huku poti zilizoelekezwa kwa makusudi zikiendelea kufanya kazi. Kwa mafaili yenye taarifa binafsi, chaguo hilo linafaa zaidi.

Nne, njia hii hubeba itifaki ya IP pekee. Itifaki za zamani zilizoshindana nayo hazipiti.

Itifaki za zamani na modemu

Kabla ya TCP/IP kutawala, mitandao mingi ya ofisi ilitumia IPX ya Novell, AppleTalk ya Apple au NetBEUI. Programu iliyotungwa kwa itifaki hizo haitafahamu anwani ya 10.0.2.2.

Viigizi vimetatua sehemu ya tatizo hili kwa kuifunga pakiti ya zamani ndani ya pakiti ya kisasa. DOSBox huibeba IPX ndani ya UDP: kompyuta moja huwa seva kwa amri ya IPXNET STARTSERVER, na nyingine hujiunga kwa IPXNET CONNECT ikifuatwa na anwani ya seva. Basilisk II nayo ina njia ya kuzipitisha pakiti za mtandao ndani ya UDP, ili mashine za kuigiza ziweze kuonana kwa AppleTalk.

Kwa programu zilizotegemea simu, DOSBox huigiza modemu. Programu ya zamani hutuma amri ya kupiga namba. Mahali pa namba ya simu huandikwa anwani ya mtandao, na kiigizi hufungua muunganisho wa TCP kwenda huko. Programu hupokea ujumbe kuwa laini imeunganishwa, na kuendelea na kazi yake kama kawaida.

Kwa nini tovuti za leo hazifunguki

Mtumiaji aliyefaulu kuunganisha Windows 98 mara nyingi hufungua kivinjari na kukuta karibu kila tovuti inakataa. Kosa haliko katika kiigizi. Tovuti za sasa husimba mawasiliano kwa matoleo mapya ya TLS, ambayo vivinjari vya zamani havikuyajua. SSL 3.0 ilipigwa marufuku rasmi na chombo cha viwango vya intaneti, IETF, mwezi Juni 2015, na TLS 1.0 pamoja na 1.1 zikafuata mwezi Machi 2021.

Zipo programu za kati, kama WebOne na Web Rendering Proxy, zinazowekwa kwenye kompyuta ya kisasa ili zichukue ukurasa kwa usimbaji mpya na kumpa mgeni katika umbo analoliweza. Web Rendering Proxy hufika hatua ya kuugeuza ukurasa kuwa picha. Programu hizo zinafaa kwa kusoma tu. Kati ya mgeni na programu ya kati, mawasiliano hayajasimbwa. Kwa hiyo nywila, namba ya kitambulisho au taarifa za malipo hazipaswi kuandikwa humo kwa hali yoyote.

Urahisi usiwe chanzo cha hatari

Mfumo wa zamani ulioigizwa una udhaifu ule ule uliokuwa nao katika mashine halisi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 98 tarehe 11 Julai 2006, na Windows XP tarehe 8 Aprili 2014. Udhaifu unaogunduliwa baada ya tarehe hizo kwa kawaida hauzibwi.

Funzo kubwa lilitolewa tarehe 12 Mei 2017, virusi vya WannaCry viliposambaa duniani na kufunga mafaili ya taasisi nyingi, zikiwemo hospitali za huduma ya afya ya taifa ya Uingereza. Virusi hivyo vilijipenyeza kupitia toleo la kwanza la itifaki ya kushirikiana mafaili ya Windows, SMB 1. Vilipoingia katika kompyuta moja, vilitafuta nyingine zilizo katika mtandao huo bila mtu kubofya chochote. Kuanzia toleo la 1709 la Windows 10, lililotoka baadaye mwaka huo, SMB 1 haiwekwi tena katika kompyuta mpya isipokuwa kwa kuombwa.

Hapa ndipo kishawishi kinapotokea. Windows 95 au 98 iliyoigizwa inapotaka kusoma folda ya kompyuta mpya, hushindwa kwa sababu inafahamu SMB ya zamani tu. Maelekezo mengi humshauri mtumiaji airudishe SMB 1 katika kompyuta mpya. Kufanya hivyo ni kuiondolea kinga kompyuta ya ofisi nzima kwa ajili ya mgeni mmoja, na hakuna ulazima, kwa kuwa njia nyingine za kuhamisha mafaili zipo.

Hatua za kufuata

1. Kuhakikisha kama mtandao unahitajika. Ikiwa lengo ni kutoa mafaili tu, DOSBox inaweza kuonyesha folda ya mwenyeji kama diski kwa amri ya MOUNT, na viigizi vingine hupokea picha ya diski au ya sidii. Mtandao huhitajika zaidi pale programu yenyewe inapotegemea seva, au mafaili yanapokuwa mengi na ya kuhamishwa mara kwa mara.

2. Kunakili diski ya asili na kufanya kazi katika nakala. Baadhi ya programu hubadilisha faili kwa kulifungua tu. Kumbukumbu ya asili isiguswe.

3. Kuchagua kadi ambayo mfumo una draiva yake. Kwa DOS na Windows za awali, NE2000 au RTL8029 ndiyo ya kuanza nayo. Anwani na IRQ zisomwe katika mipangilio ya kiigizi kinachotumika.

4. Kuchagua njia ya Slirp badala ya daraja. Katika baadhi ya viigizi huitwa mtandao wa mtumiaji au NAT. Daraja litumike tu pale ambapo kazi haiwezekani bila hilo, na katika mtandao uliotengwa na wa ofisi.

5. Kuongeza TCP/IP katika mfumo mgeni, kuomba anwani kwa DHCP, na kujaribu kwanza mawasiliano na 10.0.2.2 kabla ya kwenda mbali zaidi. Jaribio hilo lifanyike kabla ya kuwasha restrict=on, kwa kuwa chaguo hilo humzuia mgeni asimfikie mwenyeji.

6. Kuhamisha mafaili kwa FTP au HTTP ndani ya mtandao wa kiigizi. Mgeni anaweza kutuma mafaili kwa seva ndogo iliyo kwa mwenyeji katika 10.0.2.2. Anapofungiwa kwa restrict=on, mgeni wa DOS anaweza kuwasha seva ya HTTP ya mTCP, na mwenyeji akachukua mafaili kupitia poti iliyoelekezwa kwa 127.0.0.1.

7. Kuzima mtandao wa mgeni kazi inapokwisha, na kuyapima mafaili yaliyotoka kwa programu ya kinga dhidi ya virusi kabla ya kuyasambaza. Diski za zamani zinaweza kuwa na virusi vya zamani.

Dalili na maana yake

Draiva ikisema haioni kadi, au ikiiona na pakiti zisipite, kosa huwa katika anwani au IRQ. Windows 98 ikijipa anwani inayoanza na 169.254, maana yake imeomba DHCP na haikujibiwa. Mara nyingi kadi haijaunganishwa na Slirp katika mipangilio ya kiigizi. Ikiwa mgeni anafika 10.0.2.2 lakini majina ya tovuti hayatambuliki, anwani ya DNS haijawekwa kuwa 10.0.2.3. Ikiwa majina yanatambuliwa na ukurasa haufunguki, chanzo huwa ni TLS. Na ikiwa kila kitu kinafanya kazi isipokuwa ping, hakuna kilichoharibika.

Kilichobaki kurahisishwa

Kazi ya upande wa mwenyeji imerahisishwa kwa kiasi kikubwa. Iliyobaki iko ndani ya mfumo mgeni na katika maelekezo. Kiigizi kinachotambua kuwa mtumiaji anaweka Windows 95 kinaweza kumchagulia kadi sahihi bila kumuuliza. Kinaweza kuambatanisha diski ya draiva, kumwonyesha anwani anazopaswa kujaza, na kueleza kwa lugha nyepesi kwa nini muunganisho umekataa. Muhimu zaidi, chaguo linalokuja bila mtumiaji kugusa chochote liwe lile lililo salama, kwa sababu mtumiaji aliyechoka huchukua njia ya kwanza inayofanya kazi.

Kwa taasisi na watu binafsi wanaotunza kumbukumbu za zamani, mipangilio iliyofaulu inapaswa kuandikwa: jina la kiigizi na toleo lake, aina ya kadi, anwani, IRQ, na njia iliyotumika kuhamisha mafaili. Karatasi hiyo ihifadhiwe katika jalada moja na kumbukumbu zenyewe, ili mtumishi atakayefuata aweze kuzifungua bila kuanza upya, na bila kulazimika kujaribu njia ambazo mwenzake alikwisha kuziona kuwa za hatari.